Afadhali Kuliko Nini

Mstari wa saba niliujua kabla sijaitwa. H, N, D, K, V, O, R. Mlango wa chumba cha kupimia macho ulikuwa umelegea bawaba, haufungi sawasawa, na kila aliyenitangulia alinisomea bila kujua: mpakiaji, mchomeleaji, dereva wa foriklifti. Niliketi kwenye benchi, mikono juu ya magoti, nikizipanga zile herufi kichwani jinsi nilivyopanga masomo yangu zamani, nilipokuwa mpakiaji mchana na mwanafunzi jioni. Ubao haukuwa umebadilishwa tangu mwaka jana. Mwaka jana nilikariri mistari miwili ya chini tu, nikapita. Mwaka huu nilikariri yote saba, kwa sababu mwaka huu nilikuwa na haja nayo yote.

Kando yangu aliketi shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Ghalani wanamwita Bubu, jina la utani, maana ukimtoa kazini mdomo wake haupoi. Kazini ndiko asikosema. Yeye ndiye mtoa ishara wangu. Mimi niko juu kwenye kibanda cha kreni, yeye yuko chini sakafuni, na katikati yetu kuna kelele za vyuma zisizopitisha neno. Kwa miaka kumi na tisa tumezungumza kwa mkono wake wa kulia. Kiganja wazi kikielekea chini, nashusha mzigo. Ngumi, nasimama papo hapo. Siku hiyo hakuwa na shughuli yoyote pale kliniki, kwani yeye alipimwa wiki iliyotangulia. Dada yake ndiye aliyemwambia anisindikize, na dada yake haambiwi hapana.

"Shemeji," akaninong'oneza, "unasali au unahesabu?"

"Nimekaa."

"Umekaa, lakini midomo inacheza."

Nikaibana midomo.

Niseme wazi nilichokiogopa. Dereva wa kreni hapandi bila cheti cha macho cha mwaka ule. Asiyekuwa nacho hushushwa, na anayeshushwa katika umri wangu hupewa ufagio au kiti cha getini. Ngazi ya kibanda changu ina vipago arobaini na vinne. Nilianza kazi pale nikiwa siwezi hata kulitafuta jina langu kwenye orodha ya zamu, mwenzangu ndiye aliyekuwa akiniwekea kidole, "Hili hapa, ni wewe huyu." Nilisoma shule ya jioni miaka sita, nguo zikinuka kutu na grisi, mpaka nikafanya mtihani wa udereva wa kreni nikawa wa kwanza kati ya wapakiaji kupanda vile vipago. Nimekaa juu miaka thelathini na mmoja. Vijana waliofika baadaye walifundishwa kunionyesha kwa kidole: yule mzee, alianza chini kama nyinyi. Maneno hayo yalinifikia kule juu kama harufu ya mkate, na sikuyachoka.

Glavu nyeupe zilianza miezi minane kabla ya siku hiyo. Glavu za ghalani ni za ngozi, rangi ya udongo. Asubuhi moja shemeji alikuja amevaa za pamba, nyeupe pepe. Wenzake wakamcheka, wakamuuliza harusi ni ya nani. Akajibu kwamba bwana harusi yuko juu, akanielekeza kidole, na mimi huko juu nikacheka pamoja nao. Kazi ilinyooka siku ile. Mkono wake ulisomeka kama chaki ubaoni. Sikujiuliza kwa nini mtu anunue glavu ambazo saa nne haijafika zimeshachafuka, azifue, na kesho yake aje nazo tena nyeupe.

Kisha ukaja mstari wa njano. Umepakwa rangi sakafuni, na mtoa ishara husimama nyuma yake, mzigo ukiwa mbele. Mnyororo ukikatika, aliye nyuma ya mstari atapigwa na vumbi tu. Aliye ndani ya mstari hatakuwa na habari ya kusimulia. Kidogo kidogo shemeji akaanza kuuvuka, leo hatua moja, wiki ijayo tatu, mpaka ikawa mzigo unapita karibu na utosi wake. Nilimgombeza wakati wa chakula, mbele ya watu, kwa sauti ya mtu aliyezisoma kanuni za usalama na kuzielewa. Nikamuuliza kama amechoka kuishi. Alitafuna tonge lake hadi likaisha.

"Nikisimama kule nyuma, unanisikia?" akaniuliza.

"Ishara hazisikiwi. Zinaonwa."

"Haya basi, shemeji," akasema, akarudi kwenye sahani yake.

Watu walidhani nimemshinda. Mimi pia nilidhani hivyo, au nilitaka kudhani.

Wiki tatu kabla ya kupimwa tulikuwa tunashusha mihimili sita ya chuma. Msimamizi alikuwa anazunguka ghalani, kwa hiyo shemeji alisimama panapotakiwa, nyuma ya mstari. Niliona weupe wa mkono wake ukiinuka. Niliusoma kuwa kiganja. Nikashusha. Ilikuwa ngumi: mnyororo wa upande mmoja ulikuwa umeanza kuteleza na yeye alinitaka nisimame. Mzigo ukainama, muhimili mmoja ukachomoka, ukapiga sakafu kwa mlio niliousikia hadi kwenye meno, ukaserereka na kutulia shibiri moja kutoka kwenye kiatu chake.

Msimamizi alikuja mbio. Kutoka juu niliwaona wakizungumza, vivuli viwili tu, na nilipomaliza kushuka vile vipago arobaini na vinne mambo yalikuwa yameshaamuliwa. Shemeji alikuwa amesema kwamba yeye ndiye aliyekosea ishara. Alipewa barua ya onyo. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni, akavua glavu, akaniuliza kama leo nyumbani kwangu kuna chai.

Nami sikumsahihisha. Nimeandika sentensi hiyo fupi kwa sababu nikiirefusha nitatafuta pa kujificha ndani yake.

Nyumbani, mke wangu alikuwa na swali moja kila jioni. "Macho vipi leo?"

"Afadhali."

"Afadhali kuliko nini?"

Mwalimu wetu wa shule ya jioni, karani mstaafu mwenye rula ya mbao na subira ndogo, alilichukia neno hilo likitembea peke yake. Mwanafunzi akisema hesabu zake sasa ni afadhali, mwalimu aligonga meza: "Ukiniambia kitu hiki ni afadhali, niletee na kile kingine nikione." Tulikuwa watu wazima, wengine wajukuu wanawasubiri nyumbani, tukicheka kama watoto. Mke wangu hakuwahi kumwona mwalimu yule, lakini alikuwa amefika mahali palepale kwa njia yake mwenyewe. Nilimjibu kuwa ni afadhali kuliko jana. Nilimjibu hivyo jana yake na juzi yake. Kama ningekuwa nasema kweli, siku ya kupimwa ningekuwa nawaona sisimizi wakitembea mwezini.

Jina langu likaitwa.

Mpimaji alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alinisalimu kwa adabu, nikaitikia, akanikalisha kwenye kiti cha mgongo mrefu, akanipa kijiko cheusi cha kuzibia jicho. Ubao ulikuwa ukutani mbele yangu, mstatili wa mwanga. Nikazisema herufi. Sikukimbia sana wala sikusitasita. Nilitua kidogo kwenye mstari wa tano, jinsi anavyotua mtu anayesoma kweli, nikamalizia na ule wa saba. Nikabadilisha jicho, nikarudia.

"Baba unasoma vizuri," akasema.

"Nimezoea kusoma."

Aliandika kitu. Moyo wangu ulikuwa umeanza kushuka mahali pake. Kisha akanivalisha fremu nzito ya chuma, baridi juu ya pua, akachomeka kioo mbele ya jicho la kulia.

"Sasa hapa husomi," akasema. "Nitakuwekea kioo cha kwanza, halafu cha pili. Wewe niambie tu kipi afadhali."

Nikangoja swali liendelee. Halikuendelea.

Katika maisha yangu nimefanya mitihani mingi, na kila mtihani una karatasi ya majibu mahali fulani, hata kama imefungiwa kabatini. Kazi ya mtahiniwa ni kulikisia kabati. Basi nikafanya nilichojua kufanya. Nikamsikiliza. "Cha kwanza," alisema, sauti ikiwa bapa. "Cha pili." Nilihisi sauti imeinuka kidogo kwenye cha pili.

"Cha pili," nikajibu, kwa uhakika.

Akabadilisha. Vioo viligongana kwenye vidole vyake. Cha kwanza, cha pili. Nikasema cha pili tena. Mara ya tatu nikasema cha kwanza, maana haiwezekani jibu liwe lilelile kila mara. Mara ya nne nilisikia kiti chake kikilia, nikachukulia hiyo ni dalili, nikasema cha pili. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Sikuwa nimetazama ubao hata mara moja.

Kisha akavuta kiti chake akakaa mbele yangu, karibu, na hapo ndipo uso wake ulipotokea: nyusi nzito, kovu dogo kidevuni. Nikatambua kwamba tangu niingie nilikuwa nazungumza na koti jeupe.

"Baba," akasema taratibu, "mara zote nne kioo kilikuwa kilekile. Nilikitoa nikakirudisha."

Akanielekezea ubao kwa kidole.

"Na ule mstari wa saba niliufunika kwa karatasi kabla hujaanza kusoma. Umeusoma bila kosa hata moja."

Masikio yaliniwaka. Nilitafuta la kusema na nililopata lilikuwa hili: "Nilisoma shule ya jioni." Halikuwa na uhusiano wowote na tulichokuwa tunazungumza, na bado naona haya nikilikumbuka. Yeye hakucheka. Aliichukua fomu yangu, akaiangalia, ingawa nadhani alishaisoma.

"Wewe ni dereva wa kreni. Chini yako anasimama nani?"

Kupitia ule mlango usiofunga nilimsikia shemeji akiwasimulia watu wa benchi kisa cha mbuzi aliyepanda foriklifti. Walikuwa wanacheka, na yeye akicheka kuliko wao kisa chake mwenyewe.

"Huyo," nikasema. "Huyo anayecheka."

"Anasimama umbali gani?"

Jibu nililijua. Limeandikwa kwenye kanuni, na mimi mwenyewe nimewafundisha vijana: nyuma ya mstari wa njano. Nikafungua kinywa kulitoa, likagoma. Niliona kile kiatu, na ule muhimili umelala mbele yake kama mbwa aliyechoka.

"Sijui," nikasema.

Neno hilo sikuwa nimelisema mbele ya mtu mdogo kwangu kwa muda mrefu kiasi kwamba ulimi ulikuwa umelisahau ladha.

"Tuanze upya," akasema. "Tena usinisikilize mimi. Jibu mimi sina. Unalo wewe, na mimi ndiye ninayelitafuta."

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kupakia mihimili kwa bega ni rahisi zaidi. Alinionyesha hiki, kisha kile, nami nikalazimika kukaa kimya ndani yangu na kutazama, kutazama tu, bila kujua ninapotakiwa kufika. Cha kwanza? Sina hakika, nirudishie. Akarudisha. Cha pili, kidogo. Vipi hivi? Vyote sawa. Na hivi? Nikasema hivi ni vibaya kuliko vile vya mwanzo, akasema vizuri, kama mtu niliyempa zawadi. Polepole, upande wa kulia, herufi zikaanza kuchomoza kutoka kwenye uji wao. N ilipata miguu. K ilipata mikono.

Tukahamia jicho la kushoto. Cha kwanza, cha pili. Hakuna. Cha tatu, cha nne. Nikamwomba aniwekee kikali zaidi. Akaniwekea.

"Kipi afadhali, baba?"

"Hakuna," nikasema. "Vyote ni moshi."

Alizima taa, akaniwashia kurunzi nyembamba ndani ya jicho, pumzi yake karibu na shavu langu. Akaniambia ukungu haukuwa kwenye kioo chochote. Ulikuwa ndani ya jicho lenyewe, na wa kuutoa ni daktari wa upasuaji. La kulia nalo limeanza. Akaandika kwenye fomu kwamba nisiendeshe kreni mpaka nipasuliwe na nipimwe tena. Hakuitia kwenye bahasha. Alinikabidhi ikiwa wazi.

"Umpelekee msimamizi mwenyewe."

"Nikipasuliwa, nitapanda tena?"

"Utaona afadhali."

"Kuliko nini?"

Alifikiri. Nilimheshimu kwa kufikiri kwake. "Kuliko sasa," akasema. "Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Nje, shemeji alisimama aliponiona, kisa cha mbuzi kikakatika njiani. "Ehe, shemeji. Vipi?"

Lile neno, afadhali, lilikuwa tayari mdomoni, limevaa na kuchana nywele.

"Mbaya kuliko mwaka jana," nikasema. "Na mwaka jana yalikuwa mabaya kuliko mwaka juzi."

Kwa mara ya kwanza nje ya kazi, Bubu alistahili jina lake. Tukatembea hadi uani. Nikamwambia tukitoka pale tunakwenda kwa msimamizi, na kwamba zaidi ya fomu nitamwambia pia habari za ile ishara.

"Yameshapita hayo."

"Barua ya onyo ina jina lako."

"Basi, itakaa. Mimi nina jina gani la kuchafuka, shemeji? Bubu?"

Sikucheka, naye hakuwa amekusudia kunichekesha. Kutoka mlangoni hadi getini pale kliniki kuna njia ndefu ya saruji, imenyooka. Nikasimama mwanzo wake.

"Rudi kinyumenyume," nikamwambia. "Mkono juu. Badilisha unavyotaka, ngumi au kiganja, mimi nitakutajia."

"Hapa? Watu wanatuangalia."

"Waangalie."

Akainua mkono wa kulia, mtupu, bila glavu, akaanza kurudi. Wagonjwa waliokuwa wakingoja dawa wakageuka. Mama mmoja aliyefungwa bandeji jichoni alitutazama kwa lile lililobaki. Nikazitaja: ngumi, kiganja, kiganja, ngumi. Nilikuwa nazihesabu hatua zake. Kufikia ya kumi nilikuwa nakaza macho. Kufikia ya kumi na tatu nilikosea moja, nikajirekebisha. Ya kumi na nne, akasimama.

"Endelea," nikamwambia.

"Ni hapa, shemeji."

"Nani kasema?"

"Ni hapa," akarudia, mkono bado uko juu. "Hapa ndipo ninaposimama."

Ilinichukua muda kuelewa. Binti wa kliniki alitumia saa nzima, fremu ya chuma na sanduku la vioo kuyajua macho yangu. Shemeji alikuwa ameyajua zamani, na hakuwa na kioo. Alikuwa amenijaribu hatua baada ya hatua, akisogea mpaka mahali mkono wangu wa juu ulipoutii wa kwake, na alipopata umbali huo akausimamia kila siku, mihimili ikipita juu ya utosi wake.

"Tangu lini?"

"Tangu glavu zilipoanza kukosa nguvu."

Fomu ilikuwa mkononi mwangu.

"Rudi," nikasema.

"Nikirudi, hunioni."

"Najua. Rudi mpaka kwenye mstari."

"Hapa hakuna mstari, shemeji."

"Upo. Wewe unajua ulipo."

Alisita. Kisha nikasikia viatu vyake juu ya saruji, kinyumenyume, bila haraka. Uso wake ukaondoka kwanza. Vidole vikafuata, vikawa kitu kimoja, na kile kitu kikayeyuka ndani ya shati, na shati likaingia kati ya mashati ya watu waliokuwa wakitoka na kuingia getini. Mahali fulani kule viatu vikanyamaza. Rangi moja kati ya zile rangi ikainuka.

"Nini hiki?" akaniuliza kwa sauti kutoka kule.

Nilitazama kwa nguvu zangu zote, na kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama chochote chumbani mle.

"Sijui," nikapaza sauti.

Akangoja. Nami nikangoja, nikisikiliza viatu. Hakunisogelea.